Elimu ya Afya: Kwa Nini Figo ya Mume Huenda Isimfae Mkewe

Kila wiki, wagonjwa wa figo hufika katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru kusafishwa damu. Baadhi yao wanatafuta mtu wa kuwapa figo ili wapandikizwe katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, au Hospitali ya Moi, Eldoret. Wakati mwingine mtoaji hupatikana, makundi ya damu yanaoana, lakini daktari anasema figo hiyo haifai. Kwa nini?

Alama za chembe

Chembe za mwili zina alama, kama ng'ombe anavyotiwa alama sikioni ajulikane ni wa boma gani. Mtoto hurithi nusu ya alama hizo kwa mama na nusu kwa baba. Kinga ya mwili hukubali alama zake na kupambana na za kigeni.

Mwili hukutana na alama za kigeni kwa njia kuu tatu: ujauzito, kuongezewa damu, na kupandikizwa kiungo. Ukishazijua, unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake na kuziweka katika kumbukumbu kwa miaka mingi.

Chukua mfano wa mama wa watoto wanne huko Molo. Mumewe anajitolea kumpa figo. Lakini alama za mume ndizo watoto walizorithi, na huenda mwili wa mama ulizijua tangu ujauzito.

Kinachotokea ndani ya figo

Kingamwili hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya figo mpya, mkia wake ukibaki nje kama mpini. Chembe nyeupe zinazoua na zinazomeza hushika mpini huo na kuanza kushambulia. Protini nyingine za damu hutoboa kuta hizo. Damu huganda, na figo inaweza kufa kwa saa chache. Dawa za kutuliza kinga hupunguza nguvu za chembe, lakini nyingi haziondoi kingamwili zilizokwishakuwepo.

Kipimo kinachookoa figo

Kabla ya upasuaji, maabara huchanganya damu ya mgonjwa na chembe za mtoaji. Mwaka 1969, watafiti Patel na Terasaki wa Marekani walionyesha kwamba kati ya figo 30 zilizopandikizwa licha ya kipimo kuonyesha kingamwili, 24 zilikufa mara moja. Ambapo kipimo hakikuonyesha, zilikufa 8 kati ya 195.

Mgonjwa afanye nini?

• Amweleze daktari mimba zote, hata zilizoharibika, na kila mara alipoongezewa damu.
• Aulize kuhusu sindano za kuongeza damu, zinazopunguza haja ya kuongezewa damu ya mtu mwingine. Hata hivyo, asikatae damu wakati wa dharura, hasa mama anayevuja damu baada ya kujifungua.
• Familia ilete watoaji zaidi ya mmoja wapimwe. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu.

Mtoaji akikataliwa baada ya kipimo, asilaumiwe, wala mgonjwa asikate tamaa. Utafutaji uendelee.