Namba Mbili Katika Karatasi ya Damu



Huko Kibera na Kawangware, mume au mke anayeishi na virusi vya UKIMWI hurudi kutoka kliniki na karatasi yenye namba. Wengine huificha chini ya godoro. Leo tujifunze kuisoma, tena pamoja.

Namba ya kwanza ni CD4. Hizi ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, magonjwa kama kifua kikuu hupata mlango.

Namba ya pili ni wingi wa virusi. Fikirini pipa la maji nyumbani. CD4 ni maji yaliyobaki. Wingi wa virusi ni ukubwa wa tundu. Tundu likiwa kubwa, hata pipa lililojaa hukauka upesi. Ndiyo maana watu wawili wenye CD4 400, wasipotibiwa, mmoja aweza kuugua mapema kuliko mwenzake.

Zamani CD4 ndiyo iliyoamua nani aanze dawa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipoanza kutoa dawa hizi Kibera mwaka 2003, zilianza kwa wale ambao chembe zao zilikuwa zimeshuka sana. Tangu 2016, Kenya humpa dawa kila aliyeambukizwa bila kungoja. Dawa huziba tundu. Wingi wa virusi ukibaki chini ya 200 katika mililita moja, mwenzi haambukizwi kwa tendo la ndoa. Lakini anayeacha dawa kwa kujiona mzima hulifungua tundu tena.

Jihadharini na jambo moja. Namba hizi hazisemi nani alileta ugonjwa nyumbani. Mwenye CD4 ndogo si lazima awe ndiye aliyeambukizwa kwanza, kwa kuwa miili hutofautiana. Siku ya ndoa mliahidiana uaminifu katika afya na ugonjwa. Msivunje nyumba kwa neno ambalo karatasi haikulisema.

Maswali ya kujadiliana jioni:

1. Je, sote wawili tumepimwa?
2. Kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilikuwa lini, nacho kilisema nini?
3. Nani atamkumbusha mwenzake saa ya dawa, na nani atamsindikiza kliniki?