Somo la Familia: Nyumba Iliyonyamaza

Andiko la kusoma nyumbani: 2 Samweli 13:1-22
Lengo la somo: wazazi na vijana wazungumze pamoja juu ya mahusiano mema, kabla jeuri haijaingia.



Majuma machache yaliyopita mama mmoja alinisimamisha mlangoni baada ya ibada. Mkononi alikuwa na barua kutoka shule ya binti yake, aliye darasa la nne la sekondari. Barua ilisema kwamba wageni wataingia darasani kwa ajili ya EVRAS, yaani elimu ya mahusiano, hisia na jinsia. Akaniuliza, "Siku hiyo nimwambie abaki nyumbani, aseme anaumwa?" Nami nikamuuliza, "Mama, wewe umeshaongea naye juu ya mambo hayo?" Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Kwetu hayo ni ya shangazi."

Somo hili limetoka katika jibu hilo.

1. Shule inafanya nini

Shule za Kifaransa za hapa zimekuwa na wajibu wa EVRAS tangu 2012, lakini kila shule ilifanya ilivyotaka. Mtoto mmoja alifundishwa, jirani yake hakusikia neno. Tarehe 7 Septemba 2023 Bunge la Fédération Wallonie-Bruxelles lilipitisha sheria ya kuifanya iwe sawa kwa wote: vipindi viwili katika darasa la sita la msingi, na vipindi viwili katika darasa la nne la sekondari. Kwa hiyo katika maisha yote ya shule mtoto wako amehakikishiwa vipindi vinne tu. (Shule za Kiflemi zina utaratibu wao.)

Mnakumbuka fujo za Septemba ile. Watu wa dini mbalimbali waliandamana hapa Brussels, na shule kadhaa za Charleroi na Liège zilichomwa moto au kuharibiwa. Habari nyingi zilizozunguka katika simu zetu hazikuwa za kweli. Kile kitabu kikubwa kilichosemwa sana ni mwongozo wa wakufunzi, hakigawiwi watoto. Katika vipindi hivyo vijana huzungumza juu ya mwili unaobadilika, heshima, kukubali na kukataa, picha za simu, na namna ya kuitambua jeuri kati ya wapenzi.

Mzazi ana haki ya kuwa na maswali. Nenda shuleni, uliza nani atakuja na atazungumza nini. Huenda hutakubaliana na kila jambo, na mtoto wako anaweza kusikia kutoka kwako nyumba yenu inaamini nini. Lakini kumfundisha mtoto aseme uongo kwamba anaumwa si malezi. Tena, wale wanaoogopa kwamba elimu hii inawasukuma vijana kuanza mapema, wajue kwamba UNESCO, katika mwongozo wake wa 2018 uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ilieleza kuwa haiwasukumi.

2. Shangazi yuko mbali

Kwetu wazazi hawakukaa na mtoto wakaongea mambo haya. Alikuwapo shangazi, alikuwapo bibi, na pwani alikuwapo somo au kungwi. Mtoto hakuachwa bila mwalimu. Mengine waliyofundisha yalikuwa mema: usafi, heshima, kujitunza. Mengine yalituumiza, kama lile neno "vumilia" ambalo binti alipewa hata akirudi nyumbani na jicho limevimba.

Sasa tuko Brussels. Shangazi yuko Bukavu, Bujumbura au Dar es Salaam, na tunampata kwa WhatsApp Jumapili jioni akiwa na mtandao. Kiti chake kimebaki kitupu, na aliyekikalia ni simu. Kijana wa miaka kumi na mitano anajifunza mapenzi kutoka kwa video za watu asiowajua, ambako mwanamke akikataa watu wanacheka. Swali letu basi si kama mtoto afundishwe au asifundishwe. Anafundishwa kila siku. Swali ni nani anamfundisha.

3. Nyumba ya Daudi

Amnoni alisema anampenda Tamari hata akakonda. Rafiki yake Yonadabu, mtu mwerevu, akampa hila: ajifanye mgonjwa, Tamari atumwe kumpikia. Baba yao akamtuma binti bila kuuliza.

Angalieni jinsi Tamari alivyokataa. Alisema hapana. Alieleza kwamba jambo hilo halifanyiki katika watu wake. Alimwonyesha aibu itakayowapata wote wawili. Alimpa hata njia nyingine, aende kwa mfalme. Hakuna msichana aliyewahi kukataa kwa hekima zaidi. Tatizo halikuwa kwamba Tamari hakujua kukataa. Tatizo ni kwamba Amnoni hakuwahi kufundishwa kusikia.

Baada ya kumwumiza alimchukia, akaamuru afukuzwe na mlango ufungwe. Tamari akatoka analia mbele ya watu. Hapo nyumba nzima ikashindwa mtihani. Ndugu yake Absalomu akamwambia anyamaze. Baba yake alikasirika sana, lakini hasira yake haikufanya kitu. Miaka miwili baadaye Absalomu alimwua Amnoni, na nyumba ile haikupata amani tena.

Wapendwa, sisi tunawafundisha binti zetu tangu wadogo: usivae hivi, usirudi usiku, angalia marafiki. Kijana wa kiume tunamfundisha nini? Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, mwana wa mchungaji wa Bukavu aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani 2018, ametibu maelfu ya wanawake waliobakwa, na bado amesisitiza kwamba kazi inaanza katika malezi ya wavulana. Huko Nairobi shirika la Ujamaa-Africa limewafundisha wasichana wa shule kujilinda, na wavulana pia, ili waingilie kati wanapoona msichana anasumbuliwa. Samaki mkunje angali mbichi, na samaki huyo ni wa kiume pia.

4. Dalili za mapema

Jeuri haianzi na kofi. Kati ya vijana wetu inaanza hivi:
– Anataka neno la siri la simu yako, na ukikataa anasema una mwingine.
– Anakufuata kwenye ramani ya Snapchat, anauliza kwa nini umeshuka kituo kile.
– Anakutenga na rafiki zako, na hata na kwaya.
– Anaomba picha za mwili, kisha anatishia kuzisambaza.
– Anasema ukimwacha atajiua.

Wengi wetu tulikua tukiambiwa kwamba wivu ni dalili ya mapenzi. Tuwaambie watoto wazi: anayekupenda hakufungi. Na kijana akijiona mwenyewe katika orodha hii, asikimbie kwa aibu, aje tuzungumze. Bado anaweza kubadilika.

5. Sheria ya nchi tunamoishi

Tangu 1 Juni 2022 Ubelgiji ina sheria mpya juu ya makosa ya kingono, na kila kijana wetu anapaswa kuijua. Kunyamaza si kukubali. Aliyekubali anaweza kubadili nia wakati wowote. Mtu aliyelala, au aliyelewa hata hawezi kuamua, hajakubali. Umri wa kukubali ni miaka 16. Kati ya 14 na 16 inaruhusiwa tu kama wote wametaka na hawapitani zaidi ya miaka mitatu. Kusambaza picha ya mwili wa mtu bila ruhusa yake ni kosa la jinai. Na wakubwa nao wasikie: kumbaka mke wako ni kosa katika nchi hii tangu 1989.

Kwa hiyo jambo la ubakaji halimalizwi kwa kikao cha familia, wala kwa mahari, wala kwa wazee wa kanisa kusema "sameheaneni". Kufanya hivyo ni kurudia neno la Absalomu kwa Tamari: nyamaza, ni ndugu yako. Kanisa litaomba na aliyeumizwa, litamsindikiza, lakini halitamfunga mdomo. Mficha uchi hazai.

6. Juma hili nyumbani

Zimeni televisheni, wekeni simu mbali, msome andiko pamoja. Kisha kila mmoja ajibu, na mtoto asikatizwe:
a) Katika habari hii, nani angeweza kuzuia mabaya? Kwa njia gani?
b) Yonadabu wa leo ni nani? Katika kundi lenu la simu, mtu akimdhihaki msichana, wewe hufanya nini?
c) Baba, mama: je, sisi tukigombana, watoto wanajifunza nini?
d) Ukipatwa na jambo, ungemwambia nani kwanza? Kama si sisi, kwa nini?

Swali la mwisho litaumiza wazazi wengine. Msikasirike. Sikilizeni.

Yule mama hakumzuia binti yake. Jioni ya siku ile walikaa jikoni wakichambua sombe, naye akauliza, "Wamewaambia nini?" Binti akaanza kueleza. Mama aliniambia hawakuwahi kuongea muda mrefu hivyo tangu wafike Ubelgiji.

Namba za kuweka kwenye friji
– Hatari ya sasa hivi: polisi 101, au 112.
– Jeuri ya wapenzi au wanandoa, kwa Kifaransa, bila malipo: 0800 30 030.
– Mtoto au kijana anayetaka kusikilizwa, kwa Kifaransa, bila malipo: 103.
– Aliyebakwa: kituo cha CPVS kwenye hospitali ya Saint-Pierre, usiku na mchana. Atatibiwa hata kama hataki kwanza kushtaki.

Bwana azipe nyumba zetu masikio. Amina.