Saa 61 za Wilson: Mafunzo Niliyopata Nikisomea Urubani

Kiwango cha kimataifa kinataka mwanafunzi awe ameruka saa 40 kabla ya kupewa leseni ya rubani binafsi. Mimi nilipewa yangu nikiwa na saa 61. Kila saa ya ndege hulipiwa, kwa hiyo hizo 21 za ziada nimezipigia hesabu usiku mwingi. Sita najua zilikokwenda, nitaeleza. Nyingine karibu zote zililiwa na aibu: aibu ya kuuliza, aibu ya kusema sijasikia, aibu ya kuonekana mshamba mbele ya wenzangu waliokulia Nairobi.

Nilisomea uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nikitokea Mombasa. (Uwanja huo una jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Miezi mitatu mizima nilidhani Wilson ni mwanamume, na hilo nalo niliona haya kuuliza.) Siku hizi narusha ndege ndogo za abiria, na vijana wa kwetu hunipigia simu kabla ya kujiandikisha. Ninayowaambia ni haya.

1. Usianze kabla pesa hazijatimia

Ukoo ulinichangia. Mjomba aliuza kiwanja, mama akatoa zamu yake ya mchezo, nikapanda basi la usiku na pesa za saa 20 hivi, nikiamini zilizobaki zitapatikana mbele ya safari. Hazikupatikana. Nikarejea Mombasa, nikakaa miezi minne bila kugusa usukani, na niliporudi Wilson mikono ilikuwa imeshasahau. Nikatumia saa 6 kujifunza upya mambo niliyokwisha kuyalipia. Bei sitaji, maana hupanda na mafuta, lakini piga hesabu ya saa 60, si 40, na pesa ziwe benki, zisiwe kwenye ahadi za watu. Wala usizilipe zote chuoni kwa mkupuo.

2. Usiseme "Roja" kama hukusikia

Nilikuwa na saa 12 kwenye daftari. Asubuhi Wilson huwa na pilikapilika kama stendi: ndege za watalii wa Maasai Mara, ndege za miraa ya kwenda Somalia, na sisi wanafunzi na vindege vyetu vya viti viwili tukijipenyeza katikati. Tulikuwa tukijongea kuelekea mahali pa kuvuka njia ya kurukia. Sauti ya mnarani ikatoka mbio, kwa Kiingereza. Nikashika jina la ndege yetu na neno la mwisho. Nikajibu "Roja", nikaachia breki.

Mwalimu alikanyaga breki za upande wake hadi pua ya ndege ikainama.

"Amesema nini?"

"Amesema tuendelee, Kapteni."

"Amesema tusimame kabla ya mstari. Hebu tazama kushoto."

Nikatazama. Ndege aina ya Caravan ilikuwa ikija kasi, ikapita mbele yetu magurudumu yakiachana na lami.

Hakunikemea kwa kutosikia. Alinikemea kwa kujibu. "Roja" maana yake ni kwamba umepokea maneno, basi. Agizo lolote linalohusu njia ya kurukia, liwe la kuvuka, kusimama, kuruka au kutua, hurudiwa lilivyotamkwa pamoja na jina la ndege yako, ili aliyelitoa asikie kama umelishika. Kama huwezi kulirudia hukulisikia, na usipolisikia unaomba lisemwe tena. Ukiomba hivyo unapoteza sekunde tatu tu.

Jioni ile alinisimulia habari za ajali ya Tenerife. Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Rubani mkuu wa ndege moja, ya shirika la KLM, alianza kuruka bila kibali. Mhandisi aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani, akahakikishiwa kuwa imetoka, naye akanyamaza. Hawa walikuwa watu wazima wenye maelfu ya saa, wala si wanafunzi wa saa 12.

Sisi tuliojifunzia Kiingereza darasani tuna ugonjwa wetu: tunaona kumwambia mtu arudie ni kukiri kwamba shule haikutuingia. Basi jua kwamba kipimo cha Kiingereza cha marubani kina ngazi 6, inayotakiwa ni ya 4, na katika ngazi hiyo kuuliza na kuhakikisha pale usipoelewa ni sehemu ya kinachopimwa.

3. Nairobi si Mombasa

Nilikuja nimeiva kwa video za mtandaoni za marubani wa Marekani, wengi wao wakiruka kutoka viwanja vya pwani. Kwao, kabla ya kuruka, kile kishikio chekundu cha kurekebisha mafuta yanayochanganyika na hewa husukumwa ndani hadi mwisho. Nami nikakisukuma hadi mwisho. Injini ikanguruma kama mtu mwenye mafua, nguvu hamna.

"Uko futi ngapi hapa?" mwalimu akauliza.

Sikujua. Uwanja wa Moi, Mombasa, uko kama futi 200 juu ya bahari. Wilson iko karibu futi 5,500. Hewa ya huku ni nyepesi, na ukiipa injini mafuta ya pwani inasongwa. Kitabu cha Cessna 152, ndege tuliyosomea, chenyewe kinasema ukiwa kwenye uwanja unaozidi futi 3,000 upunguze mafuta hadi mizunguko ya injini ifike kilele chake. Kitabu nilikuwa nacho kwenye mkoba. Sikuwa nimekisoma, kwa sababu video zilikuwa tamu zaidi.

Joto nalo huongeza urefu. Alasiri ya nyuzi 28 ndege inajiona iko zaidi ya futi 8,000 hata kabla haijaondoka chini, na uwezo wake wa kupanda unabaki karibu nusu ya ule wa pwani. Hapo ndipo utaelewa kwa nini walimu wa Wilson hupenda asubuhi.

Kisha kuna hila ya macho. Unapokuja kutua, saa ya mwendo inasoma maili 60 za baharini kwa saa, zile tunazoziita noti, lakini kwenye hewa hii nyepesi ndege inakwenda kwa kweli noti 67 au 68. Ardhi inakimbia. Jicho linakwambia punguza mwendo. Ukilitii jicho, mabawa yatakosa hewa ya kukubeba ukiwa bado juu. Amini saa.

4. Chota mafuta hata kama umechelewa

Kabla ya kuruka tunachukua kikombe kidogo kinachoonyesha, tunabonyeza kibomba chini ya bawa, tunachota mafuta na kuyainua kwenye mwanga. Petroli ya ndege hizi ni ya samawati hafifu. Asubuhi moja baada ya mvua nilichelewa kwa foleni ya Barabara ya Langata, nikaona niruke hatua hiyo kwa kuwa jana yake tangi lilikuwa safi. Sijui ni nini kilichonirudisha; huenda ni kule kumwona fundi akinitazama. Nikachota. Chini ya kikombe kulikuwa na kitone kisicho na rangi kikizunguka kama ushanga. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na chini ndiko injini inakonyonya. Nikamwaga, nikachota tena, mara tano hadi samawati ikabaki peke yake.

Na ukiona kikombe kizima kina rangi moja usifurahi upesi. Kama hakina rangi kabisa, huenda kilichojaa ni maji matupu.

5. Kiti cha plastiki ndicho ndege ya bei nafuu

Chumbani kwangu mtaa wa South C nilikuwa na kiti cha plastiki na picha ya dashibodi niliyobandika ukutani. Kila usiku nikikaa, nikitaja kila hatua ya kurusha ndege kwa sauti na mkono ukienda mahali pake. Mwenye nyumba aliwahi kubisha akidhani nina mgeni. Bure, na kunafaa kuliko nilivyodhani.

6. Kughairi kutua si kushindwa

Hili ndilo lililonigharimu zaidi. Nilikuwa nakuja kutua na upepo wa ubavuni, ndege imekaa upande, mwendo umezidi. Kila kitu kilikuwa kinaniambia nisukume mafuta, nipande, nizunguke nije upya. Lakini kando ya njia kulikuwa na ndege ya abiria ikisubiri zamu, na mimi nikawaona watu wazima kwenye madirisha yake, au nilijidanganya kwamba nimewaona. Nikang'ang'ana.

Ndege ikagonga lami, ikadunda. Nikaisukuma pua chini, kosa ambalo kila mwanafunzi anaambiwa asilifanye. Ikadunda tena, mara hii kwa gurudumu la mbele. Tairi likapasuka. Tukasimama katikati ya njia, na ile ndege ya abiria niliyokuwa namwonea haya rubani wake ikasubiri nusu saa nzima tukivutwa na trekta.

Kuzunguka upya kungewachelewesha dakika moja.

Tangu siku ile nilijiwekea sharti: kama futi 300 juu ya ardhi sijanyooka na mwendo hauko sawa, naondoka, hata mwalimu akiwa kimya. Na wala asikutie mtu hofu kwamba mtahini atakukata alama. Mtahini anachotafuta ni kama unajua wakati wa kuacha.

7. Siku ya kuruka peke yako, funga mkanda wa kiti kitupu

Mwalimu huchagua siku bila kukuambia. Tulitua, akaniambia nisimame pembeni, akafungua mlango injini ikiwa inanguruma. "Zunguka mara moja, kijana, nakusubiri hapa." Kabla ya kushuka akachukua mkanda wa kiti chake, akaufunga na kuukaza juu ya kiti kitupu. Nilidhani ni unadhifu tu wa wazee. Sivyo: mkanda ukilegea unaweza kujizungushia kwenye usukani wa upande ule ukiwa hewani, wala hakuna wa kuutoa.

Bila kilo zake ndege ikaruka mapema, ikapanda kwa haraka nisiyoizoea, na nikafika kimo cha kuzungukia uwanja nikiwa bado natafuta la kufanya. Jitayarishe kwa hilo. Nilipotua wenzangu walinimwagia ndoo ya maji, ndiyo desturi, nami nikampigia mama. Akauliza kama nimekula.

8. Mkisigana na mwalimu, omba mwingine

Saa tano za kunyamaziana ni pesa nyingi. Msimamizi wa masomo amezoea maombi hayo, hashangai.

9. Panda mnarani

Baada ya kupata leseni ndipo nilipoomba kuzuru mnara wa Wilson. Ile sauti niliyoiogopa mwaka mzima ilikuwa ya mama mmoja mwenye kikombe cha chai na miwani iliyoteremka puani. Nilipojitambulisha akauliza, "Kumbe wewe ndiye yule wa Roja?" Akanionyesha kiti chake, na kutoka pale nikaona jinsi vindege vya wanafunzi vinavyoonekana: vidogo, vya polepole, na yeye akivihesabu kila baada ya sekunde chache asije akakipoteza hata kimoja. Akaniambia mwanafunzi anayeomba arudiwe hamsumbui. Anayemkosesha raha ni yule anayejibu upesi mno.

Waombe chuoni wakupangie ziara hiyo katika saa zako kumi za kwanza. Hailipiwi.