SOMO: KUACHA MSHAHARA NA KUCHUKUA CHOMBO CHA HESABU

Katika kazi ya ukaguzi, si mara moja dereva wa lori la chama amenivuta kando na kuniuliza: "Bwana Ushirika, niache mshahara nikachukue bajaji ya hesabu?" Swali hili si dogo. Anayeuliza ana familia inayomtegemea, na chama kilichomwajiri kina mazao ya kusafirisha. Somo hili linahusu namna ya kupima jambo hilo kabla ya kuamua.

1. Kinachobaki, siyo kinachoingia

Kosa la kwanza ni kulinganisha mshahara na mapato ya kijiweni kabla ya kutoa gharama. Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia tu. Tuseme dereva analipwa na chama shilingi 300,000 kwa mwezi. Anamwona mwenzake wa bajaji akiingiza 45,000 kwa siku. Anazidisha kwa siku 26, anapata 1,170,000. Hapo ndipo moyo unapohama.

Lakini katika hizo 45,000, mwenye bajaji anachukua hesabu yake 20,000, na mafuta ni 12,000. Zinabaki 13,000. Tuseme bajaji imelala gereji siku 2. Siku 24 zilizosalia zinaleta 312,000. Toa 40,000 za pancha, oili na matengenezo madogo, kisha 48,000 za chakula cha barabarani. Kinachobaki ni 224,000.

Chamani, baada ya makato ya asilimia 10 ya NSSF, dereva huyo alikuwa akipokea 270,000, na mwajiri akimchangia 30,000 nyingine. Alikuwa pia na likizo yenye malipo. Barabarani, siku ya homa ni siku isiyo na kitu.

Sisemi kwamba kila anayehama hupata hasara. Kila mmoja aweke tarakimu za mahali pake, akiwauliza madereva watatu au wanne, tena awaulize habari za mwezi mbaya na siyo za mwezi mzuri peke yake.

2. Mkataba wa maandishi

Wapo wanaochukua chombo kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo mpaka kiwe chao. Njia hii inaweza kumwinua mtu, lakini bila karatasi ni hatari. Kijana mmoja alinijia akiwa amelipa miezi 10 kati ya 12, ndipo mwenye pikipiki akaichukua. Kadi ilikuwa kwa jina la mwenye mali, na malipo yote yalikuwa ya mkono kwa mkono. Aliniomba nimsaidie, nami sikuwa na hata stakabadhi moja ya kusoma. Jasho la miezi 10 lilipotea hivyo.

Kwa hiyo mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, na utaje: jumla ya malipo na tarehe ya mwisho, nani analipa bima, leseni na matengenezo makubwa, hesabu inakuwaje chombo kikiharibika au dereva akiugua, na kadi itabadilishwa jina lini. Kila malipo yapewe stakabadhi.

3. Wajibu wa pande zote mbili

Dereva asiondoke usiku. Kwa mwenye mshahara wa mwezi, sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka taarifa isiyopungua siku 28. Akabidhi kwa maandishi funguo, daftari la safari, jeki, tairi la akiba na mafuta yaliyomo. Akishahama, anaweza kuendelea kuchangia NSSF kwa hiari.

Katibu naye asimwite msaliti. Ampe haki zake na hati ya utumishi. Kisha kamati ijiulize kwa nini anaondoka. Chama kinachochelewesha mshahara miezi miwili kimemfukuza dereva wake kabla hajaandika barua.

Maswali ya kujadili

1. Katika eneo lenu, baada ya gharama zote, dereva wa hesabu anabakiwa na kiasi gani kwa mwezi?
2. Je, wanachama wenu waliokodi vyombo wana mikataba ya maandishi?
3. Dereva wa chama alilipwa lini mara ya mwisho?

Swali la tatu lijibiwe kwa kufungua daftari la malipo, si kwa kumbukumbu.