Utumbo Usioweza Kulegea

Mwanafunzi akiulizwa, "Chakula husukumwaje matumboni?" hujibu upesi, "Misuli ya utumbo hujikaza." Jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ndiyo tutakayojifunza hapa, kwa maana wako watoto wachanga wanaopotea kwa kuikosa.

Mtazame mtu anayekamua ng'ombe. Kidole cha juu hukaza kwanza, na vya chini hubaki vimelegea mpaka zamu yao ifike. Akivibana vya chini mapema, maziwa hayatoki. Utumbo nao hufanya vivyo hivyo: nyuma ya chakula hukaza, na mbele yake hulegea.

Nani huuamuru? Mwaka 1899, wataalamu wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, waliikata mishipa ya fahamu iingiayo utumboni mwa mbwa kutoka nje. Mtu angedhani utumbo utalala kabisa. Haukulala. Walipotia kitu ndani yake, ulikaza juu ya kitu kile na kulegea chini yake kama desturi. Hii ni kwa sababu utumbo una mishipa yake wenyewe ndani ya ukuta wake.

Mishipa hiyo hutoa kemikali zinazopeleka amri kwa msuli. Baadhi yake huitwa nyuropeptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi, vile vipande vinavyojenga protini. Tuzitaje mbili. Ya kwanza ni sabstansi P, iliyogunduliwa mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum katika ubongo na utumbo wa farasi. Ina amino asidi 11, nayo huukaza msuli. Ya pili huitwa VIP, iliyopatikana katika utumbo wa nguruwe na Sami Said na Viktor Mutt mwaka 1970. Ina amino asidi 28, nayo huulegeza msuli, ikishirikiana na kemikali nyingine iitwayo nitriki oksidi.

Je, mishipa ya ndani ikikosekana? Mwaka 1886 daktari wa Copenhagen, Harald Hirschsprung, alieleza habari za watoto 2 wa kiume waliokufa kwa kufunga choo, utumbo wao mpana umevimba kupita kiasi. Yeye alidhani ubovu umo pale palipovimba. Kumbe pale ni pazima, pamevimba kwa kusukuma bure. Ugonjwa uko chini yake, katika sehemu nyembamba isiyo na seli za mishipa. Mtoto angali tumboni mwa mamaye, seli hizo husafiri kutoka juu hadi mwisho wa utumbo. Kwa watoto hawa haziufikii mwisho.

Angalia sana hapa. Msuli wa sehemu ile si dhaifu. Mishipa itokayo nje bado huufikia na kuuhimiza ukaze, lakini VIP na nitriki oksidi ni haba mno. Amri ya kukaza ipo. Ya kulegea haipo. Basi utumbo wa mbwa, uliopoteza mishipa ya nje, uliendelea na kazi. Utumbo wa mtoto, uliokosa ya ndani, umefunga njia.

Mwaka 1948 Orvar Swenson na Alexander Bill wa Boston walieleza upasuaji wa kuiondoa sehemu nyembamba na kuushusha utumbo mzima hadi njia ya haja kubwa. Tangu hapo watoto wengi wamepona.

Ugonjwa huu humpata mtoto kama 1 katika kila 5,000 wanaozaliwa. Nanyi wenzetu wa zamani, ambao sasa ni baba wa watoto, shikeni jambo hili. Mtoto mzima aliyetimiza miezi yake hutoa kile choo cheusi cha kwanza, mara nyingi kabla ya siku 1 kwisha. Zikipita siku 2 bila choo, au tumbo likivimba na akatapika matapishi ya kijani, mpelekeni hospitali upesi. Msimpe dawa ya kuharisha nyumbani: haiwezi kuleta amri ya kulegea mahali pasipo na mishipa ya kuitoa.