SOMO: MWANAFUNZI KATIKA NYUMBA YA WENYEJI

Kila mwaka wako vijana wa Afrika ya Mashariki wanaosafiri kwenda kusoma katika nchi za mbali. Baadhi yao hawakai katika bweni la shule, bali hupokewa katika nyumba ya watu wasiowajua, wakala nao meza moja na kulala chini ya paa moja. Wazazi hujitahidi sana kutafuta nguo, sanduku na karatasi za safari, lakini ni wachache wamwelezao kijana jinsi ya kukaa katika nyumba hiyo. Somo hili ni kwa ajili ya vijana hao na wazazi wao. Tutaeleza hasa habari za mwanafunzi wa shule ya sekondari aendaye Marekani kwa mwaka mmoja, kwa kuwa utaratibu wake ni wa miaka mingi na sheria zake zajulikana.

Asili ya Desturi Hii

Mwaka 1932 Mmarekani aitwaye Donald Watt alianzisha chama cha The Experiment in International Living, akiamini kwamba watu wa mataifa mbalimbali hufahamiana zaidi kwa kukaa nyumba moja kuliko kwa kusikiliza hotuba. Baada ya Vita Kuu ya Pili chama kingine, American Field Service, ambacho watu wake walikuwa wameendesha magari ya kubeba majeruhi vitani, kiligeukia kazi ya namna hiyo. Mwaka 1947 kilipokea kundi lake la kwanza, wanafunzi 52 kutoka nchi 10. Mwaka 2002, baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, Marekani ilianzisha mpango uitwao YES, uliopewa majina ya maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar, ili kuwapokea vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi au jamii kubwa za Waislamu. Vijana wa Kenya na wa Tanzania wamekuwa miongoni mwao.

Yafaa kufahamu kwamba katika mipango hii wenyeji hawapati mshahara kwa kumlaza mwanafunzi. Wamejitolea. Basi aingiaye nyumba hiyo si mpangaji aliyelipa kodi, wala si mtumishi. Huyo amepokewa kama mmoja wa watoto.

Adabu Mbili Zisizofahamiana

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu mgeni hupewa kwanza nafasi ya kunyamaza, kuona haya, na kubembelezwa. Mtoto mwema hajitangulizi, hatazami mkubwa usoni, wala hakubali chakula kwa pupa. Hayo yote ni mazuri, na hakuna atakaye kijana ayatupe. Lakini adabu ni kama lugha: maneno yaliyo matamu kwa mmoja huwa kelele tu kwa asiyeyajua.

Tuchukue mfano. Msichana wa miaka 16 kutoka Malindi amepokewa na familia moja katika jimbo la Minnesota, mwezi wa Agosti. Chakula cha jioni huandaliwa saa kumi na mbili, na jua bado linawaka, kwani mwezi huo jua la huko huchwa baada ya saa mbili usiku. Kwa mwili wa msichana huyu wakati huo ni saa nane za usiku wa Malindi. Macho ni mazito na chakula hakipiti. Mama wa nyumba amwuliza kama angependa kuongezewa. Yeye ajibu, "Hapana, ahsante," kama alivyolelewa, akidhani ataulizwa mara ya pili na ya tatu. Mama huyo asadiki neno lake, afunika sahani na kuiweka katika friji.

Usiku wa manane msichana aamka, tumbo likinguruma. Kwao Malindi ni karibu saa tano za asubuhi. Ajua chakula kilipo, lakini mgeni atafunguaje friji la watu? Anywa maji na kungoja mapambazuko. Siku zafuata vivyo hivyo. Mama na baba wa nyumba wamemwambia awaite kwa majina yao, jambo asiloliweza, kwa hiyo hawaiti kabisa. Wakimsemesha, atazama chini. Baada ya kula aingia chumbani na kufunga mlango ili asiwasumbue.

Wiki mbili zapita. Mama wa nyumba amwambia msimamizi wa mpango, "Nadhani mtoto huyu hatupendi." Usiku huo huo msichana amwambia mamake kwa simu, "Watu hawa hawanijali." Hapana hata mmoja aliyesema uongo, wala hapana aliyefanya ubaya, kila mmoja alishika adabu yake kwa ukamilifu. Hata hivyo, kwa kimya kama hicho mwanafunzi aweza kuhamishwa nyumba, au kurudi kwao kabla ya wakati, na nafasi ambayo vijana wengi waliitamani ikapotea bure.

Mambo ya Kufanya

1. Sema utakalo mara ya kwanza. Katika nyumba nyingi za Marekani neno "hapana" ni hapana, na kumlazimisha mtu ale ni kumkosea heshima. Ukiwa na njaa, sema. Ukihisi baridi, omba blanketi. Usiku wa Januari huko Minnesota baridi huweza kushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri, wala si mahali pa kuona haya. Jambo usilolipenda lieleze kwa upole, na sababu yake. Yule msichana wa mfano wetu angaliokolewa na maneno machache: "Kwetu mgeni hukataa kwanza kwa adabu. Nikikataa, tafadhali niulize tena, mpaka nizoee."

2. Uliza desturi za nyumba mapema. Kuuliza si ujinga. Nani huoga saa ngapi, na kwa muda gani? Je, naweza kufungua friji na kula bila kuomba? Mashine ya kufulia yaendeshwaje? Usiku mlango hufungwa saa ngapi? Simu itumike mpaka saa ngapi? Kuhusu majina, mwambie mwenyeji wazi kwamba kwenu mtoto hamwiti mkubwa kwa jina tupu, kisha umwulize kama waweza kumwita mama. Wengi hufurahi sana kusikia hivyo. Tena ujihadhari na hesabu ya saa: ukiambiwa kwa Kiingereza saa nane, kwetu hiyo ni saa mbili.

3. Shika jembe bila kungoja siku ya tatu. Katika nyumba nyingi za huko hakuna mfanyakazi. Baba huosha vyombo, watoto hutoa taka na kufyeka majani ya uwanjani, na kila mtu hutandika kitanda chake. Mwanafunzi akaaye kitini huku wengine wakifanya kazi hahesabiwi kuwa mgeni mwenye heshima, bali mvivu. Uliza kazi yako ni ipi, uifanye kila siku. Hata mvulana ambaye kwao hakuwahi kuingia jikoni, huko ataingia.

4. Eleza mambo ya dini yako kabla hayajaleta fadhaa. Mwenyeji aliyepika nyama ya nguruwe pengine hajui kwamba huili, wala hajui kwamba mbwa aliyezoea kulala ndani ya nyumba aweza kukuletea taabu ya tohara. Waweza kuomba mbwa asiingie chumbani kwako, nawe usimwonyeshe chuki, kwani wao humpenda. Waeleze habari za sala na za Ramadhani, hasa kwamba utaamka kula daku, wasije wakashtuka kusikia sufuria usiku. Kijana wa Malindi amezoea kibla kuelekea karibu kaskazini kabisa. Huko Minnesota ataelekea kaskazini-mashariki. Kadhalika Mkristo aulize habari za kanisa, na wenyeji wasiofuata dini yo yote wapewe heshima yao.

Habari za Upweke

Mara nyingi siku za kwanza huwa tamu. Barabara, maduka, theluji ya kwanza, yote ni ajabu. Kisha utamu huisha, na moyo huanza kulemewa. Mtaalamu wa mila za watu Kalervo Oberg alilieleza jambo hili katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954. Alisema kwamba mtu aliyehama nchi hupoteza zile alama ndogo ndogo zilizokuwa zikimwongoza kila siku, kama vile jinsi ya kuamkia, wakati wa kucheka, na wakati wa kukataa. Ndipo aanzapo kuichukia nchi ngeni na kuiona ya kwao kuwa haina dosari. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard aliandika habari za Wanorwe 200 waliokuwa wamepata nafasi za kusoma na kufanya kazi Marekani. Alionyesha kwamba hali yao ilianza kwa wema, ikashuka, kisha ikapanda tena.

Si kila mtu hupita njia hiyo hiyo, lakini yafaa kuijua. Kijana alaye huzuni katika wiki ya tano asidhani kwamba amerogwa, au kwamba hafai. Dawa yake si kujifungia chumbani na kuzungumza na kwao usiku kucha. Saa sita mchana Minnesota ni saa mbili usiku Kenya, na tangu Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti huongezeka kutoka saa nane kuwa saa tisa. Kwa hiyo pangeni siku na saa ya kuongea, na saa nyingine zote kijana akae sebuleni na wenyeji wake, ajiunge na mchezo wa shule, awapikie pilau siku moja.

Mahali Ambapo Uvumilivu Haufai

Tumesema mengi juu ya kufahamiana, lakini yako mambo yasiyo ya desturi. Kwa sheria za Marekani za mpango huu, kila mtu mzima wa nyumba hiyo lazima achunguzwe kama amepata kuhukumiwa kwa uhalifu. Mwanafunzi apewe kitanda chake mwenyewe. Msimamizi naye apaswa kuwasiliana naye kila mwezi. Mtu akimshika mwanafunzi isivyostahili, akimtisha, akimnyima chakula, au akimwambia "hii iwe siri yetu," hapo hakuna heshima ya kulinda. Amwambie msimamizi siku hiyo hiyo, au mwalimu, na kama kuna hatari apige simu 911. Pasi yake aihifadhi mwenyewe.

Wazazi mlio nyumbani, msimwambie mtoto "vumilia tu" kabla hamjamwuliza avumilie nini. Njaa iliyotokana na haya yaondolewa kwa neno moja. Ubaya wa mtu hauondolewi kwa kuvumilia.

Mwacha mila ni mtumwa, na kijana asiache yake. Ila mila iliyofungiwa moyoni ugenini haimfundishi mwenyeji kitu, wala haimshibishi mwenyewe. Aitamke, aieleze, naye asikilize ya wenzake.

Maswali ya Kujipima

1. Kwa nini yule msichana alilala na njaa katika nyumba yenye chakula?
2. Taja maswali matatu ambayo ungewauliza wenyeji wako siku ya kwanza.
3. Saa mbili usiku ya Malindi, mwezi wa Agosti, ni saa ngapi Minnesota? Na mwezi wa Desemba?
4. Eleza tofauti kati ya jambo la desturi, ambalo yafaa kulizungumza na wenyeji, na jambo ambalo yapasa kupelekwa kwa msimamizi mara moja.