Milio na Tanakali za Sauti

Watahiniwa wengi huchanganya mlio na tanakali, wakapoteza alama.

Mlio hutajwa kwa nomino, nayo ina ngeli:
- mchakacho wa majani makavu (U-I)
- mvumo wa upepo (U-I)
- kishindo cha kitu kizito kinapoanguka (KI-VI)

Tanakali ni neno linaloiga sauti au hali. Halina ngeli. Hufanya kazi ya kielezi, yaani hueleza jinsi tendo lilivyotendeka:
- anguka majini *chubwi!*
- anguka matopeni *tapwi!*
- anguka mchangani *tifu!*
- nyamaza *jii!*

Tanbihi: Kabla ya kujibu, tazama kitu kimeangukia wapi.

Zoezi: Sahihisha: Nazi ilianguka mchangani chubwi!

Jibu: Nazi ilianguka mchangani tifu!